Mshenga wa Kabatini

Kila maji yanapopungua tangini, kabati dogo lililo nyuma ya mlango wa jiko langu hutoa mlio mmoja: tik. Haushtui. Unafanana na ule mlio wa ulimi ambao bibi zetu huutoa wanapokataa jambo bila kutaka ugomvi. Baada yake ndipo pampu ya uani inaguna, bomba linatetemeka ukutani, na maji yanaanza kupanda darini. Nimeishi na mlio huo miaka minne hapa Bigwa, miguuni pa Uluguru, na muda wote huo sikuwahi kujiuliza ni nani anayelia mle kabatini. Mtu huzoea. Mto Morogoro nao unalia usiku kucha juu huko mawe yalikobanana, na hakuna anayeamka kuuliza una shida gani.

Nilijiuliza siku kabati lilipoharibika. Ilikuwa jioni ya masika, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, kilele cha Bondwa na minara yake ya mawasiliano havionekani kabisa. Kitaa cha kijani cha jikoni, kinachotujulisha kwamba pampu inafanya kazi, kikapasuka kama bisi kwenye sufuria. Redio, iliyokuwa inatumia betri moja ya sola na kitaa hicho, ikatoa harufu ya plastiki na kunyamaza katikati ya taarifa ya habari. Nikazima kila kinachozimika, nikawakataza wajukuu kugusa bomba, nikalala bila kuoga. Asubuhi akaja fundi, kijana wa Kichangani. Akanipa shikamoo, akavua viatu japo nilimwambia aingie navyo, akafungua kabati na kuchuchumaa mbele yake kama mtu anayemsikiliza mgonjwa. Alikaa hivyo kitambo. Kisha akachomoa kiboksi chenye ganda angavu, ukubwa wake kama kipande cha sabuni ya kufulia kilichobaki siku ya mwisho, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha.

“Mwalimu,” akasema, “huyu aliyekufungia amefunga mafahali wawili zizi moja.”

Nilivaa miwani. Ndani ya ganda kulikuwa na gurudumu la waya wa shaba mwembamba kama unywele, umezungushwa mara nyingi kupita hesabu. Hiyo ni koili. Mbele yake, ulimi wa chuma ulioshikwa na springi. Ulimi ule unabeba vijipande viwili vya shaba vilivyokaa sambamba, na kwenye kila ncha kuna kidoti cha fedha kisichozidi kichwa cha njiti ya kiberiti. Volti 12 za betri zikipita kwenye koili, koili inageuka sumaku, inauvuta ulimi, na zile ncha zinagusana na wenzake walio ng’ambo. Safari yote ya ulimi huo haifiki milimita mbili. Hapo ndipo “tik” inapozaliwa. Mafundi wanakiita rilei, na kazi yake inaelezeka kwa sentensi moja: umeme mdogo unaamuru umeme mkubwa bila hiyo miwili kugusana. Wati moja hivi ya koili inaiamsha pampu ya wati 750. Tumezoea kusema fimbo ya mbali haiui nyoka. Mle kabatini, fimbo ya mbali inamuua nyoka kila jioni, na mkono wa mwenye fimbo haumkaribii.

Kosa lilikuwa pembeni. Rilei ile ina jozi mbili za ncha. Aliyenifungia umeme zamani, kwa kubana matumizi, jozi ya kwanza aliipa volti 230 za pampu, na ya pili akaipa volti 12 za kitaa cha jikoni. Wote wawili juu ya ulimi mmoja, ndani ya ganda moja, bega kwa bega. Kwa muda ilikwenda. Lakini mota ya pampu ina hulka ya mtu anayeamshwa usingizini: inapoanza, inavuta umeme mara kadhaa ya ule inaoutumia ikishatulia. Kila inapoanza na kila inapokatwa, cheche inaruka kati ya ncha na ncha, cheche inachoma fedha, moshi wake unatua kwenye plastiki. Fundi alinionyesha kwa ncha ya bisibisi: kati ya jozi ile na jirani yake kulikuwa na njia nyeusi, nyembamba kama ya sisimizi. Masizi, na juu yake unyevu wa Bigwa mwezi wa Aprili. Volti 230 zilikuta njia imelimwa, zikaifuata. Zikafika kwenye kitaa, kwenye redio, kwenye betri. “Na huku,” akasema fundi, akiuonyesha waya mwembamba uliopanda ukutani. Sikuhitaji kuambiwa unakwenda wapi. Ulikuwa waya wa floti, kile kielea cha tangini kinachoiambia rilei maji yakipungua. Mwisho wake umezama kwenye maji tunayoogea.

Nilikaa kwenye kigoda. Fundi akaendelea na kazi yake, kwa adabu, akiniacha niogope peke yangu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikikifikiria kile kiboksi kuliko inavyostahili kwa mwalimu mstaafu wa historia. Kilichonishika si hatari yenyewe. Ni ule ujanja wa kupeleka neno bila kupeleka nguvu. Kwetu ujanja huo una mtu wake, naye ni mshenga. Kijana akimpenda binti wa watu, haendi mwenyewe kugonga mlango wa baba yake. Anatumwa mtu mzima, mwenye ulimi laini na miguu isiyo na haraka. Joto la kijana haliingii nyumba ile. Linaingia neno lake tu, limeshapoa. Na hasira za wenye binti, kama zipo, zinamwishia mshenga, hazimfikii kijana. Baadaye wakishaoana watagombana watakavyo, lakini siku ya kwanza pande mbili zisizojuana haziunganishwi waya kwa waya. Mshenga mzuri ni yule ambaye, ukimsikiliza, huwezi kujua ndani ya moyo wake anamtaka nani. Amesimama kati, mikono mitupu. Mshenga aliyeanza kumpenda binti mwenyewe ameshaungua; ana masizi kati ya ncha na ncha.

Jina lenyewe, rilei, ni la njiani. Huko Ulaya lilikuwa neno la farasi wanaowekwa vituoni kuwapokea waliochoka. Joseph Henry, Mmarekani, alitengeneza chombo cha namna hii mwaka 1835, na telegrafu ikakifanya mtu wa lazima, maana ujumbe uliosafiri kwenye waya mrefu hufika umechoka, hauna nguvu ya kuchapa hata nukta. Pale unapochokea wanaweka sumaku. Ule mnong’ono uliobaki unaivuta sumaku, sumaku inafungua betri mpya, na ujumbe unaondoka tena na miguu mipya. Wajerumani walipofikisha reli Morogoro mwaka 1907, waya wa telegrafu ulikwenda sambamba nayo, katika nchi ile ile iliyokuwa ikipitwa na misafara ya pembe na vitambaa ya Bagamoyo, kituo hadi kituo. Sisi tunalijua neno hilo kutoka uwanja wa michezo: mbio za kupokezana vijiti. Lakini huo mfano una kasoro. Mkimbiaji wa kwanza anamkabidhi wa pili kijiti kile kile. Rilei haikabidhi kitu. Umeme wa koili unaingia, unazunguka, unarudi ulikotoka, hata chembe yake haivuki ng’ambo. Ng’ambo wameamka kwa sababu tu ya mtikisiko.

Kiswahili kimeshafikiri sana juu ya umeme kabla yangu, na pengine bila kukusudia. Kile ambacho umeme unakuwa nacho kingi au kidogo, volti, tunakiita msongo. Na ndilo neno hilo hilo la kichwa cha mtu aliyelemewa: msongo wa mawazo. Kile kinachotiririka tunakiita mkondo, kama wa Ruvu, kama wa Mgeta, kama wa vijito vyote vinavyotoka Uluguru kwenda kuinywesha Dar es Salaam. Na kuna neno moja ninalolipenda kuliko yote, limeandikwa kwenye vibao na kutamkwa kwenye taarifa za umeme ukikatika: kituo cha kupoza umeme. Sijui lugha nyingine inayosema hivyo. Kupoza. Kama chai inayomiminwa kwenye kisahani, kama uji unaopulizwa kabla ya kumpa mtoto, kama mzee anayeitwa usiku kupoza ugomvi wa mke na mume. Umeme unatoka Kidatu, kusini mwa mkoa wetu, mitambo minne ya Mto Ruaha Mkuu yenye jumla ya megawati 204, ambayo ya kwanza ilianza kuzunguka mwaka 1975. Unakuja umepanda mpaka kilovolti 220, kwa sababu safari ndefu inataka msongo mkubwa; ukisafirishwa ukiwa mdogo, unaishia njiani kuzipasha nyaya joto. Unafika Morogoro ukiwa haushikiki. Unapozwa hadi kilovolti 33, unapelekwa mitaani, unapozwa tena kwenye transfoma ya nguzo ya kona, ndipo unaingia ndani kwa volti 230, mkali bado, lakini mtu unaweza kuishi nao ukiuheshimu.

Na njiani kuna vijiji. Nimewahi kupita Mikumi na Kilosa kwa basi nikiziangalia zile nguzo za chuma zikipiga hatua juu ya mashamba ya mahindi, na chini yake nyumba ambazo, miaka mingi, ziliwasha kibatari. Wenye nyumba hizo walikuwa wakilalamika kwamba umeme unawapita kichwani, na walikuwa na haki ya kulalamika. Lakini hakuna anayeweza kuchota moja kwa moja kutoka waya wa kilovolti 220, kama vile hakuna anayechota maji kwa kikombe kwenye maporomoko. Kinachokosekana pale si umeme. Kinachokosekana ni mpozaji, na mpozaji ana gharama, na gharama ina siasa. Reli mpya ya umeme iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024 inakimbia chini ya waya wa kilovolti 25. Nayo inapita juu ya mengi.

Fundi alinifundisha jambo jingine ambalo sikulitegemea. Kwenye ganda la rilei kulikuwa na maandishi madogo, na alinisomea: ampea 10 kwa volti 250 za esi, ampea 10 kwa volti 30 za disi. Esi ndiyo inayoitwa vitabuni mkondo geu, umeme wa nguzoni. Disi ni mkondo mnyoofu, umeme wa betri na sola. Nikamuuliza, inakuwaje ncha ile ile inayozikata volti 250 inashindwa na zaidi ya 30? Akacheka. “Wa nguzoni unapumua, mwalimu. Wa betri haupumui.” Mkondo geu wa kwetu unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na kila unapogeuka unapita kwenye sifuri. Mara 100 kila sekunde unakuwa si kitu, na katika upenyo huo mwembamba cheche inakufa. Mkondo mnyoofu hauna sifuri. Ncha zikiachana, cheche inaweza kusimama pale katikati kama daraja la moto, inang’ang’ania, inakula chuma polepole, mpaka ncha zinayeyuka. Nikawakumbuka majirani zangu wawili wa zamani, Kilakala. Mmoja alikuwa akiwaka kama petroli. Atatukana asubuhi, na jioni atakuletea ndizi. Mwingine hakuwahi kupaza sauti. Alikuwa na kinyongo cha volti 30 tu, ila hakikupumua miaka kumi na moja. Yule wa kwanza nilimzika nikilia. Wa pili tulipoachana kwa kuhama mtaa, ilinichukua muda kujua ni nini kilichokuwa kimeniunguza.

Kisha kuna suala la dhahabu. Ncha zinazotumika kwa ishara ndogo sana, za sauti au za vipimo, hupakwa dhahabu, kwa sababu fedha ikikaa hewani inafanya utando mweusi, na umeme mdogo hauna nguvu ya kuutoboa utando huo. Umeme mkubwa hauna shida. Cheche yake yenyewe inausafisha. Lakini ncha ya dhahabu ukiibebesha mzigo mkubwa mara moja tu, dhahabu inaungua. Itaendelea kufanya kazi ya mzigo mkubwa vizuri kabisa, ila mnong’ono haitausikia tena. Fundi alisema hayo akitafuta skrubu iliyoanguka, kama jambo la kawaida. Mimi nikawa nimeshafika mbali, Matombo, mwaka 1955.

Wanafunzi wangu wa Uluguru niliwafundisha habari hiyo kila mwaka, maana babu zao walikuwemo. Mluguru ana ukoo wa mama, na ardhi ilikuwa ya ukoo. Mkuu wa ukoo alikuwa mtu wa mnong’ono: alisikia mpaka wa shamba ulivyosogea, mjane aliyekosa pa kulima, mvua iliyochelewa. Kingalu wa Kinole, ambaye cheo chake kinarithiwa mpaka leo na jina lake lipo kwenye soko kuu la mji wetu, alisimama vivyo hivyo kati ya watu na mbingu. Watu hawakuidai mvua wenyewe. Kisha Waingereza wakaja na utawala wao wa kupitia wenyeji, wakawatafuta wakuu, wakawapa kofia, mshahara na mahakama. Sauti ya ukoo na amri ya serikali zikawekwa kwenye ulimi mmoja. Volti 12 na volti 230, ndani ya ganda moja. Ilikwenda kwa muda, kama kabati langu. Halafu ukaja mpango wa hifadhi ya ardhi, watu wakaamriwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko, kazi ya jembe na mgongo, udongo wa juu wenye rutuba ukifukiwa na wa chini usiozaa ukitokeza. Upande wa Mgeta, ambako mboga zilikuwa na soko, matuta watu waliyalima na yakawafaa. Upande wa Matombo walikataa. Wakawaambia wakuu wao, na wakuu hawakusikia. Dhahabu ilikuwa imeshaungua miaka mingi ya kupitisha kodi na faini. Mwaka 1955 cheche ikaruka, umati ukakusanyika Matombo, polisi wakaja, damu ikamwagika, na mpango wenyewe haukuinuka tena. Vitabu vingine vinasema Waluguru walikuwa wabishi wa maendeleo. Mimi naona walikuwa watu ambao mshenga wao alikuwa ameajiriwa na upande mmoja.

Labda naulazimisha mfano. Mtu akishapata nyundo ya kufananisha, kila kitu anakiona msumari. Lakini lugha nayo inanichokoza. Fundi akisema saketi “imefungwa,” maana yake umeme unapita. Akisema “iko wazi,” haupiti. Mlango wangu ni kinyume: ukifungwa hupiti. Nilidhani ni mkorogo wa mafundi, mpaka nilipokumbuka kwamba tunafunga ndoa ili watu wawili waingiliane, na tunafunga safari ili tuondoke. Kuna kufunga kunakopitisha. Na kibaya zaidi kwa rilei, aliniambia, si kufa ikiwa wazi. Hapo utakosa maji tu, utalalamika, utaniita. Kibaya ni kufa ikiwa imefunga: cheche inaziyeyusha ncha, zinagandana, koili inaacha kuvuta lakini ng’ambo hawaachani. Pampu inasukuma, tangi linamwagika, floti imeshasema basi na hakuna anayesikia.

Alinifungia upya kwa siku moja. Rilei mpya, yenye kazi moja tu: kuiamsha kontakta, ndugu yake mkubwa aliyeumbwa kwa ajili ya mota na vishindo vyake. Kitaa cha jikoni kikapewa njia yake, upande wa volti 12, kisikutane popote na ule mwingine. Nyaya za nguzoni zikapita kushoto mwa kabati, za betri kulia, na katikati akaacha nafasi ya vidole vitatu, tupu. Nilimwambia hapo pangetosha kuweka fyuzi za akiba. “Hapo, mwalimu, ndipo nilipofanyia kazi,” akajibu. Waya wa ethi, ambao zamani ulikuwa umekatwa na kukunjwa kama mkia wa kinyonga, akauunga. Siku hizi kabati linasema maneno mawili: tik, kisha ko.

Juzi usiku umeme ulikatika mtaa mzima. Nikaamka kunywa maji, nikakuta kitaa cha kijani kinawaka jikoni, kikinihakikishia kwamba pampu inafanya kazi. Nikaenda dirishani. Uani kimya. Nikaelewa taratibu, kwa akili ya saa nane za usiku: tangi limepungua, floti imesema, betri ipo, rilei imevuta na bado imevuta, mshenga amefika, amebisha hodi, amesimama barazani, ila ndani hamna mtu. Kitaa kinajua kilichoamriwa. Kilichotendeka hakikijui. Nilikaa palepale kwenye kigoda, giza limejaa mpaka juu mlimani, taa ndogo ya kijani ikisema isichokijua, na mto ukilia. Sikuhesabu muda. Kisha kwa mbali, upande wa mjini, taa za barabara zikaanza kurudi moja moja. Kabati halikusema tik, maana lilikuwa limeshasema zamani. Lilisema ko tu, na maji yakaanza kupanda.